Mraba wa Tano

Nafuma kwa spoki mbili za baiskeli
nilizozinoa kwenye sakafu ya saruji, hapa Tandika,
Januari, saa nane mchana,
feni kimya, luku imesoma sifuri.
Sufu mapajani. Anayepita dirishani anauliza
kama nimeshapata visa ya Makete.

Ndiyo, ni ya Makete. Edna amejifungua huko,
na huko Juni maji ya ndoo hufanya ngozi ya barafu.
Nilimwahidi kiblanketi cha miraba iliyolala upande,
mmoja begani mwa mwenzake,
kitu ambacho ukikitazama unaapa ni mkeka.
Si mkeka. Mkeka una chane hii na chane ile, zinapishana.
Hapa uzi ni mmoja tu,
unajifanya nyuzi kumi.

Pembetatu za chini zilikubali.
Mraba wa kwanza, wa pili, hadi wa nne, sawa.
Wa tano ukafungua mdomo:
tundu pembeni, kidole cha mtoto kingepita.

Nikahesabu vitanzi. Vinane.
Nikahesabu tena, vinane, jasho likidondokea cha tisa
ambacho hakikuwepo.
Kati ya kufuma na kufumua ni herufi moja,
na herufi hiyo ilinimalizia mchana wote.
Tundu palepale. Uzi ukaanza kuota manyoya,
nami nikamtukana muuza nyuzi wa Mtaa wa Kongo
asiyehusika.

Mwajabu, chumba cha pili, akingojea maharage yake,
akasema: si ushone tu hapo, nani ataona?
Edna ataona, nikamjibu.
Edna hajui hata kushika sindano.

Usiku, tulipochangia luku,
nikakigeuza kitambaa nikausoma mgongo.
Uso una rangi; mgongo una ushahidi.
Kumbe kila nikifika ukingoni
sharti nile kitanzi kimoja cha mraba wa jirani,
viwili nivifume kuwa kimoja, nigeuke, nirudi.
Vinane vyake vikiisha, wangu umetimia.
Mimi nilikula saba, nikashiba,
cha nane nikakiacha mlangoni.

Nikafumua mara ya nne, bila matusi.

Sasa mraba wa tano umelala mahali pake.
Imebaki arobaini na mitatu,
donge moja la bluu ambalo halitatosha,
na pembetatu za juu,
ambazo sijazielewa hata kidogo.