Maoni Mengine, Kama Yapo

Fomu imeniachia kisanduku cha mwisho,
mistari mitatu, kalamu nyeusi tu.
Juu yake nimeshajaza yote:
Mradi: kivuko cha waenda kwa miguu,
Barabara ya Tanyard, Bolton, mbele ya shule ya msingi.
Gharama: pauni elfu arobaini na moja na ushee.
Muda: miezi saba, badala ya minne.
Lengo limefikiwa? Ndiyo. Hapana. Kwa kiasi.
Kalamu nimeishikilia juu ya Kwa kiasi
mpaka wino umejidondokea wenyewe.

Mpango ulianza kwa mkutano,
Jumanne, saa nane mchana,
mama wa watoto wakiwa ghalani zamu ya pili,
wanafunga maboksi ya watu wengine.
Walikuja wanne: diwani, mhandisi,
mzee na mbwa wake waliokimbia mvua,
na mimi, niliyeandika: Jamii imeshirikishwa.

Kikaratasi tulikitafsiri kwa lugha sita.
Cha Kiswahili kilisema kwa herufi nene:
KIVUKO KINAKUJA MTAANI KWENU.
Bibi Nabintu wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa Uvira,
alikisoma mara mbili, akachungulia dirishani,
akaniuliza kwa adabu zake zote,
"Mwanangu, na ziwa mtalileta lini?"
Nilicheka.
Sikuandika.

Kisha tukahesabu magari.
Kijana wa kampuni alikaa na kibonyezo chake
tangu saa nne hadi saa sita,
saa ambazo watoto wamo darasani
wanakariri jedwali la saba.
Magari thelathini na tisa. Hatari: ndogo.
Basi taa zikafutwa kwenye bajeti,
mtaro nao ukafuata taa.

Leo nimekuja saa mbili na nusu asubuhi,
mikono mitupu.
Mvua ya Bolton hainyeshi, inakaa,
kama mgeni asiyesema anaondoka lini.
Milia ni mizuri, sikatai, nyeupe pe,
ila lami imeinuka kidogo, unene wa kidole,
na maji, ambayo hatukuyaalika mkutanoni,
yamehudhuria yote.

Pale kivukoni hapana mtu.
Doreen Hargreaves, koti la njano, fimbo yenye duara la SIMAMA,
mwaka wa kumi na tisa huu anavusha watoto,
yuko hatua arobaini kule, kwenye duka la mikate,
katikati ya magari yaliyoegeshwa.
"Nimepangiwa pale," ananiambia, bila kunitazama.
"Lakini watoto wanapita hapa."
Anainua fimbo. Lori linapiga breki, linanung'unika.
Viatu ishirini vikavu vinavuka.

Kwenye uzio wa shule kuna karatasi ndani ya mfuko wa plastiki:
grafu ya darasa la nne, penseli za rangi.
Jumatatu, sentimita nne. Jumanne, tisa.
Jumatano, kumi na moja.
Alhamisi mtu ameandika: rula imezama.
Mulume, mjukuu wa Bibi Nabintu, anasimama kando yangu,
begi kubwa kuliko mgongo.
"Nani aliwaambia mlipime dimbwi?"
Ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali jepesi mno.
"Hakuna. Lipo tu kila siku."

Mpango si matumizi, tuliambiwa tangu utotoni,
nami nikakua, nikasomea mipango,
nikapewa kitambulisho chenye kamba shingoni,
na siku zote hizo
sikuwahi kufika mahali kwa saa ya mahali.

Mwalimu amenipa nakala ya grafu.
Nimeibana nyuma ya fomu kwa pini mbili: Kiambatisho cha Kwanza.
Kwa kiasi nimeikata,
nikashuka kwenye kisanduku,
mistari mitatu, kalamu nyeusi:

Mwulizeni Bibi Nabintu, ghorofa ya pili.
Ziwa limefika.
Kivuko bado.