Spana Namba Kumi

Gyumri, theluji haijatoka vizingitini.
Nimefungua boneti ya Lada,
mpira wa bustani ncha moja sikioni,
nyingine naitembeza juu ya injini.
Beringi ya alteneta inaguna, haigongi.
Mkanda wa feni hulia alfajiri tu,
ukishapata joto hunyamaza.
Jirani Samvel anasema: uza.

Lakini kile kingine,
ko, ko, ko,
kila nikikata kona ya kushoto?

Nikabandua ubao wa mlango.
Kokwa za aprikoti, kumi na tatu,
na spana namba kumi,
ile marehemu Hrant aliapa nimeipoteza mimi,
tukanuniana Pasaka nzima.

Nikaipangusa kwa pindo la sweta.
Nikawasha. Nikakata kona.

Ko.

Bado kuna kitu humu.