Ajenda ya Nne

Redio ya mlinzi, saa moja asubuhi, ilisema
huko Japani chama tawala kimepungukiwa viti,
kimekwenda kubisha hodi kwa wapinzani
ili bajeti ipite.
Mzee Sizya akacheka, ufunguo mkononi:
"Kumbe hata huko
mwenye nyumba huomba chumvi kwa mpangaji."

Nikapanga viti kama kawaida,
kulia wao, kushoto wao,
katikati mimi na kalamu.
Saa za kazi sina chama.

Ajenda ya nne: bomba la Kiloleni.
Mwaka wa tatu sasa inalala na kuamka humu ukumbini
kama mgonjwa asiye na ndugu.
Diwani Mihayo akasimama, akahesabu vichwa vyake,
akahesabu tena.
Wawili wamekwenda mazishini Sikonge,
mmoja amenuna tangu kura za maoni.
Akakohoa. Akatazama kushoto
kwa jicho la mtu anayedaiwa.

Kalunde hakuinuka.
"Mwaka jana mlinizimia kipaza sauti.
Leo nasema bila kipaza:
kura zetu saba mtazipata,
ila bomba lianzie bondeni, kwa waliowanyima kura.
Maji yenyewe hushuka bondeni.
Ni ninyi tu mliotaka yapande."

Feni ikabaki peke yake kuzungumza.
Mstahiki Meya akaahirisha kwa dakika kumi.
Zikawa arobaini.

Haya sikuyaandika:
nyuma ya ukumbi, kando ya tangi tupu,
niliwakuta wakila matobolwa kutoka mfuko mmoja.
Mihayo alikuwa anasema mkewe huamka saa tisa usiku
kufuata maji, na hurudi na ndoo nusu.
Kalunde akatafuna, akameza.
"Usidhani nimekupenda.
Oktoba nakung'oa."
"Ning'oe," akajibu,
"lakini unikute nimeoga."

Tuliporudi nikaandika:
Hoja imepita. Kura ishirini na mbili za ndiyo,
hakuna aliyepinga, mmoja amenuna.
Nikafuta "amenuna", nikaandika "hakupiga".
Wakatia sahihi, yeye na yeye,
kwa kalamu yangu moja,
na kalamu ikarudi inanata utamu wa viazi.

Usiku nimepita Kiloleni.
Ndoo bado ziko foleni, zimewekewa mawe
kulinda nafasi za wenyewe waliolala.
Sijui kama bomba litafika.
Lakini chini ya sahihi zile mbili
nimeacha mstari mtupu.