Hodi kwenye Seva Iliyozimwa

Huddersfield, Jumanne, manyunyu.
Saa mbili na dakika nne naligonga faili la pampu
mara mbili, kama kawaida,
kisha naenda kuchemsha maji.

Sina haraka. Chai inaiva, inamiminwa,
Glenys ananisimulia goti la mumewe, lote,
tangu uvimbe hadi daktari.
Nikirudi, kiduara cha buluu bado kinazunguka
kama ngamia wa kinu, na mafuta hayatoki.

Dakika kumi na moja.
Pampu yenyewe, ile ya chuma kule karakana,
hujaza tangi zima kwa dakika nne.
Mchoro wake ndio hauamki.

Wakasema ni mtandao. Harpreet akaja na waya mpya,
wa manjano, akapiga magoti chini ya meza,
akatoka na vumbi, na kalamu niliyoipoteza Machi,
na jibu: waya wa zamani hauna kosa.
Wakasema ni kumbukumbu. Wakaniongezea maradufu;
kompyuta ikatunisha kifua,
ikatumia dakika kumi na sekunde hamsini na tano.
Wakasema ni kinga ya virusi, yule bawabu
anayepekua kila mfuko, hata wa mwenye nyumba.
Tukampumzisha alasiri moja. Hamsini na nne.
Nikafuta kache. Nikaomba radhi kwa kitu nisichokijua.
Bwana Thackray akapita, akasema labda ni uzee.
Hakufafanua wa nani.

Basi Alhamisi nikabaki. Ofisi tupu, bomba la joto likigugumia.
Nikafungua kumbukumbu za programu,
pale inapoandika kila inachokifanya
na hakuna anayesoma,
nikazifuata kwa kidole kama mtoto na juzuu yake.

*Flenji: imepatikana.
Shafti: imepatikana.
Bolti: natafuta.
Natafuta.
Natafuta.
Haikupatikana. Nachukua nakala ya hapa.
Bolti: natafuta.*

Na mbele ya kila bolti, anwani:
Halifax, seva ya pili, folda ya C. Ollerenshaw.

Halifax! Ofisi ile ilifungwa miaka sita iliyopita.
Siku hizi ni ukumbi wa kukwea kuta,
watoto wananing'inia kwa kamba
pale palipokuwa chumba cha seva.
Na huyo Ollerenshaw, aliyeichora bolti
hadi ule mkunjo mdogo wa ukingoni usioonwa na mtu,
alistaafu kabla sijaajiriwa.
Namjua kwa herufi zake tu.

Kumbe kila asubuhi
programu yangu, yenye adabu kunishinda,
ilitoka, ikavuka kilima
hadi kwenye nyumba isiyokuwepo.
Hodi. Ikangoja.
Hodi. Ikangoja.
Hodi ya tatu, kama ilivyofunzwa,
kisha ikageuka bila kinyongo,
ikaichukua bolti iliyokuwa mfukoni mwake siku zote,
na kuanza safari upya
kwa ajili ya bolti ya pili.
Bolti ziko mia mbili na kumi na mbili.
Sekunde tatu kwa kila moja. Piga hesabu.

Nilitaka kucheka. Sikucheka.
Mimi pia ninayo namba moja ya simu
ninayoibonyeza tarakimu sita
kabla sijakumbuka.

Nikafanya kazi. Nikazielekeza anwani zote kwenye ghala jipya,
nikahifadhi, nikafunga, nikagonga mara mbili.
Sekunde kumi na tisa.
Pampu ikasimama mbele yangu, ya kijivu,
kila bolti mahali pake.

Ijumaa, saa mbili na dakika nne.
Nagonga, nanyanyua kikombe kitupu,
na faili limeshafunguka.
Harpreet anauliza kama alifute jina la Halifax kwenye orodha.
Nasema ndiyo. Halafu nasema, ngoja, Jumatatu.
Jikoni Glenys anakoroga sukari peke yake;
jana tuliishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.
Nasukuma kiti nyuma.
Faili liko wazi, linaningoja.
Na lingoje.