Koti Linarudi Kwao

Nililinunua soko la Mwanga, kwa Nzeyimana:
koti zito la bluu, limening'inia msumarini miaka mitatu
bila mtu kuliuliza bei.
"Kigoma hii nani alivae?" alisema. "Labda muuza barafu."
Nikamwambia ni mimi, naenda Busan mwezi wa pili.
Akacheka, akapunguza elfu nne,
akacheka tena, akaniongezea glavu,
zote mbili za mkono wa kushoto.

Nyumbani nikaligeuza ndani nje.
Kwenye kola, kitambaa kidogo: vijiti na vijiduara,
maandishi yale yale ya barua ya mwaliko.
Basi koti ndilo mwenyeji.
Linarudi kwao. Mimi ndiye mzigo wake.

Chama chetu cha Kibirizi kina wanawake kumi na wanane,
waanika dagaa. Kura ilipigwa ndani ya ndoo ya rangi.
Mama Gwimo alilia alipoikosa,
kesho yake akaniletea sabuni ya safari.
Siku kumi na mbili, kuwatazama wenzetu
wanavyokausha vidagaa vyao vya bahari
bila mchanga, bila kunguru, bila kulibembeleza jua.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi hilo jembe ndilo ninalolifuata.

Nimeandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma:
Pasi imetoka. Kwenye picha nimenuna.
Treni hadi Dar, ndege, ndege tena, treni tena.
Dagaa kilo mbili, waliochaguliwa mmoja mmoja.
Nimeuliza kama wataruhusiwa, sijajibiwa.
Mawese hapana. Mawese huvuja, na hayana aibu.
Maneno matatu, kwa hisani ya mwalimu Bitegeko na simu yake:
asante, maji, nimepotea.
Hilo la tatu nalitamka vizuri kuliko yote.

Usiku siiogopi ndege. Naogopa vitu vidogo:
mlango unaojifungua kabla sijabisha hodi,
watu mia ndani ya treni na hakuna anayesalimia,
kitanda kilichotandikwa na mtu nisiyemjua jina.
Na hiki, ambacho chamani sijakisema:
naogopa kuziona chanja zao
nikarudi nikizionea haya zetu,
hizi tulizofunga wenyewe kwa nyavu kuukuu,
zilizonisomeshea watoto.

Jana Butoyi akauliza:
"Sasa nitajuaje kama umelala?"
Nikaiangua saa ya ukutani, tukakaa mkekani,
pacha wake Bukuru akatunza betri.
Wao wametutangulia kwa saa sita, nikasema, tuhesabu.
Hapa jua linachungulia nyuma ya vilima,
tunasema saa moja, na mshale mfupi uko kwenye saba.
Tukausukuma mbele, sita nzima.
Ukasimama kwenye moja.

Tukanyamaza.
Tukajaribu saa nne, wanunuzi wanapofika na magunia.
Kule, nne.
Tukajaribu saa mbili usiku, ugali umeshaiva.
Kule usiku wa manane, mshale kwenye mbili.
Bukuru akaizungusha peke yake mara tatu,
kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Maisha yangu yote nimeutazama mshale huu
ukionyesha kitu, mdomo wangu ukisema kingine,
na sikuwahi kujiuliza
ni wapi viwili hivyo vinakutana.

"Kumbe," Butoyi akasema, "saa za huko zinajua Kiswahili."

Sikuwa na la kuongeza.
Nikalichukua koti, nikashuka nalo hadi kwenye chanja,
nikalitundika upande upepo unakokwenda,
linuke dagaa kidogo
kabla halijafika kwao.