Muda Umeongezwa

Tangazo la kwanza nililibandika mwenyewe
mlangoni mwa lifti, kwa gundi ya mjukuu:
Wenye fleti wa jengo hili, Mawaleh Kusini,
kura ya kununua lifti mpya.
Mwisho Alhamisi, baada ya Isha.
Fleti ishirini na nne. Akidi, kumi na sita.
Alhamisi nikafungua sanduku: karatasi saba
na risiti ya dobi.

Nikaandika: muda umeongezwa.

Watu wana udhuru, sikatai.
Wa namba kumi na tatu yuko Salalah kwenye manyunyu,
ananitumia picha za ukungu na ngamia.
Wa namba kumi na tisa anakaa Dubai, fleti ameisahau
kama mtu anavyosahau mwavuli.
Wa chini kabisa aliniuliza, kwa adabu zake zote,
lifti ya nini, na mlango wake unatazama barabara?
Hilali wa namba tisa, kila nikigonga:
"Kesho, Bwana Katibu, ingia kwanza."
Nimekunywa vikombe thelathini na kitu vya kahawa,
nimekula halwa hadi daktari kanigombeza,
kura nimepata mbili.

Nikaandika tena: muda umeongezwa.
Safari hii kwa wino mwekundu.

Agosti. Nyuzi arubaini na sita, na ngazi hazina dirisha.
Bi Rayya, mweka hazina, hupanda na mifuko ya sokoni,
ghorofa ya pili hukaa juu ya ndoo ya rangi
iliyoachwa na mafundi, akahema.
Ndoo ile sasa ni kiti cha jengo zima.
Kuna aliyeiwekea mto.

Muhenne wa namba ishirini na mbili
hakungoja kuongezewa.
Alishuka siku ya kwanza, gundi haijakauka,
ghorofa tano, kwa mkongojo,
akaandika NDIYO kubwa, nje ya kisanduku,
maana mkono ulikuwa ukimtetemeka.
Kupanda kulimchukua saa na robo.
Nilipomwambia wiki iliyofuata kwamba tumesogeza siku
alisema, "Sogezeni. Mimi langu nimemaliza."
Nikacheka.

Muda wa tatu ulikwisha Jumanne usiku.
Yeye Jumatano, alfajiri.

Jeneza halikukubali kona za ngazi.
Tulilisimamisha, Mola atusamehe, karibu wima,
Hilali juu, yule wa chini kabisa chini,
na mtu nyuma akinong'ona, "Taratibu, kidato, kidato tena."
Ghorofa ya tatu tukatua kubadilishana mabega.
Mkabala nasi mlango wa lifti, kimya,
umeandikwa na watoto kwa chaki.
Hakuna aliyeutazama.
Wote tuliutazama.

Tuliporudi makaburini, kanzu zimejaa vumbi,
Bi Rayya alikuwa kwenye ndoo yake.
Akaniuliza kwa sauti ya chini, wala si kwa ubaya,
kura ya marehemu inahesabiwa?
Katiba yetu ina kurasa nne za maegesho
na mbili za mbuzi wa Idi.
Juu ya hili haina hata mstari.
Nikamjibu, aliipiga akiwa hai.
Sisi ndio tuliochelewa.

Hapo Hilali akanigusa kiwiko.
"Una kalamu?"

Nilitaka kumwambia ulikwisha jana,
nilitaka kumhesabia mbele ya watu vikombe vyake vya kahawa.
Lakini nyuma yake walikuwa wamejipanga ngazini,
jasho linawatiririka, wa chini kabisa akiwa wa pili,
bega lake la kulia bado limeinama.

Tangazo la nne sikuliandika.
Daftarini nimetia tarehe ya Jumanne, kabla ya Isha,
na herufi zangu, nikizitazama sasa,
zimetoka nje ya kisanduku.