Mita Tatu kwa Mbili

Ulikuja karakana yangu Birere na karatasi iliyokunjwa mara nne,
risiti ya maonyesho: siku tatu, namba kumi na saba,
mita tatu kwa mbili, karibu na vyoo.
"Karibu na vyoo," nikasema, "watu wote watapita.
Kazi ni kuwasimamisha."

Mimi ni fundi wa chukudu, Mama Nzigire.
Najua mzigo unavyokaa juu ya mti,
najua uzito unapotaka kuegemea.
Ya maonyesho sikuyajua. Nilijifunza kwa kukukatalia.

Ulitaka meza ndefu yenye kitambaa chekundu.
Nikakataa: meza ni ukuta, na mnunuzi ana haya.
Ulitaka maua ya plastiki. Nikakataa.
Ulitaka aina zote sita za jibini, na siagi, na mtindi,
na mayai ya dada yako.
Nikauliza, mayai yanatafuta nini hapa?
Ulitaka kiti.
Kiti nilikificha. Muuzaji akiketi, duka limefungwa.

"Kizuri chajiuza," ulinikumbusha, umekunja mikono.
Ndiyo, mama, lakini kwanza kionekane,
na jicho la mpita njia ni la kuazima,
lina haraka ya kurudi kwa mwenyewe.

Basi nikaleta chukudu la zamani, halina gurudumu la mbele,
nikaliegemeza kama mtu aliyetoka mbali akapumzika.
Juu yake mawe, yale meusi ya mlima, yenye matundu,
yaliyoshuka yakiwa moto yakazika nyumba ya mjomba,
tunayojengea kuta, tunayojikwaa, tunayolaani.
Na jibini nne tu, za mviringo,
rangi ya mwezi unaochomoza,
juu ya weusi ule.
Ukanyamaza. Nikajua nimepata.

Bango lilitoka kwa mchapaji usiku, mvua ikianza:
JIBNI SAFI YA MASISI,
na namba yako ya simu imepungua tarakimu moja.
Ulilia. Sikuwa na pesa ya bango lingine, wala wewe.
Nikaligeuza. Mgongoni lilikuwa jeupe tupu.
Kwa makaa ya jiko nikaandika neno moja, kimo cha mtoto:
ONJA.

Kitu kimoja tu kilitugombanisha, ile mbugi.
Mbugi ya ng'ombe wa kwanza wa marehemu Bauma,
ina ufa, ina kutu, kamba yake ya ngozi imekauka.
Ulisema haikutoka Masisi mpaka hapa ili ilale mfukoni.
Nikasema hapa ni biashara, si matanga.
Ukaitundika mwenyewe kwenye usukani wa chukudu,
nami nikapanga kuiondoa asubuhi, ukienda kunawa.

Asubuhi nilichelewa.

Jirani yetu, namba kumi na sita, ana televisheni na maputo,
na spika inayopiga mpaka meno yanacheza.
Saa nne umeme ukakatika, kama desturi yake.
Kimya.
Na ndani ya kimya hicho mtoto wa sare ya shule
akagusa usukani.

Ngo.

Sauti ya malishoni, kubwa kuliko ukumbi.
Vichwa vikageuka. Mzee mmoja wa koti la suti
akasimama, simu sikioni, akasahau anaongea na nani.
"Ile iko ya wapi?" akauliza.
"Ya kwetu ilibakiaka kule."
Hukumtajia bei. Ulikata kipande, ukampa.
Akatafuna amefumba macho, muda mrefu,
na nyuma yake foleni ikaanza, haikuitwa na mtu.

Mimi nilisimama kando na bisibisi mkononi,
ile niliyoileta ya kuitolea mbugi.
Ukanitazama.
Nikainama nikakaza skrubu
ambayo haikuwa imelegea.